Maoni na Pingamizi Juu ya Posa ya Mdogo Wangu

Barua ya posa ya mdogo wangu ilisomwa kwa kipaza sauti, siku ya Ijumaa baada ya swala ya alasiri, kati ya tangazo la kukatika maji na tangazo la mbuzi aliyepotea. Aliyeisoma hakuwa ndugu yetu wala mshenga. Alikuwa mwenyekiti wetu, na alipomaliza aliwapa wananchi siku saba za kuleta pingamizi.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloulizwa kila ninapokwenda kununua samaki. Mengine yalitokea kwa mfuatano wake, nami nitayaweka hivyohivyo.

Hapa Bagamoyo kila sehemu ina mwenyekiti wake, na wetu ni mmoja tu kati ya hao. Lakini alipochaguliwa alinunua koti, na madereva wa bajaji wakaanza kumwita Meya kwa kumtania. Yeye akaitika. Aliitika tena kesho yake, na keshokutwa, mpaka waliokuwa wanatania wakachoka na jina likabaki. Sasa hata mkewe anapomwita kula husema, "Meya, wali unapoa."

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kutoa habari. Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye baraza, na juu ya paa kuna spika mbili zenye midomo kama matarumbeta. Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini kuswali alasiri, Meya husimama barazani, hukohoa mara moja, na kuanza: usafi wa soko la samaki, daktari wa macho atakayekuja wiki ijayo, maulidi ya mtaa wa pili, mechi ya madereva wa bajaji na wa bodaboda, funguo zilizookotwa karibu na kisima. Mwenye tangazo hulipeleka nyumbani kwake, nyuma ya ofisi, ambako mkewe hulitia kwenye kikapu cha ukili. Ijumaa kikapu huletwa kwangu. Nilikuwa karani wa shule mpaka nilipostaafu, na sasa ninajitolea kuwa katibu wake. Kazi yangu ni kuzipanga zile karatasi: kwanza misiba, kisha maji na umeme, kisha mikutano, kisha mengineyo, mwisho vilivyopotea.

Nilimwambia mara nyingi azipitie kabla ya kuzisoma.

"Bi Katibu," alinijibu, "nikiisoma mapema nitaijua. Nikishaijua nitaisoma kama mtu anayejua. Wananchi wanataka tusikie pamoja."

Alikuwa na jambo jingine. Zamani kidogo walipita wapima ardhi, wakamletea tangazo la viwanja lililoishia hivi: mwenye maoni au pingamizi ayawasilishe kwa maandishi ofisini ndani ya siku saba. Meya aliyapenda sana maneno hayo. Tangu siku ile akawa anayaweka mwisho wa kila tangazo. Aliyasoma baada ya tangazo la maulidi. Aliyasoma baada ya kutangaza kifo cha mzee mmoja jirani yetu, na akina mama waliokuwa wakilia walinyamaza kidogo, kila mmoja akifikiri. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuleta pingamizi, sikuona sababu ya kumkataza.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Yeye ni fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kinatazamana na ofisi yetu, barabara tu ndiyo iko katikati. Aliwahi kuolewa, akaachika, akarudi nyumbani na cherehani yake pamoja na maneno machache juu ya mumewe ambayo siwezi kuyaandika. Kwa miaka kadhaa hakutaka kusikia habari ya mwanamume. Halafu akaja fundi mmoja wa injini za boti kutoka upande wa Mbegani, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, kushonewa mfuko wa ovaroli. Ovaroli hiyo ilirudi mara nne kwa mfuko uleule. Mara ya nne nilimuuliza mdogo wangu kama uzi wake umeoza.

"Dada, uzi mzima," aliniambia. "Anaukata mwenyewe."

Baadaye akaniambia bila mzaha: huyu akimkosa, hataki mwingine. Shida ilikuwa kwa wazee wa yule fundi. Kwao ni Miono, bara kidogo, watu wa mashamba, na hawakuvutiwa na habari ya mwanamke wa mjini aliyekwisha kuolewa. Fundi alikwenda na kurudi karibu mwaka mzima kuwabembeleza. Mwishoni wakakubali kwa sharti. Wangetuma posa mara moja tu. Ikienda vibaya, wasiambiwe tena.

Basi Ijumaa ile akaja mshenga, mzee wa ukoo wao, kanzu safi na koti juu yake, ameshuka kwenye basi la asubuhi. Kwao mgeni mwenye jambo zito haingii nyumba ya watu kabla hajapita kwa mwenyekiti akajitambulisha. Kwa hiyo hakuja kwetu. Alikwenda kwa Meya.

Meya hakuwepo. Mkewe alikuwa jikoni anakaanga visheti. Niliyaandika maelezo yake siku ya pili, na sikuongeza kitu.

"Kapiga hodi vizuri, nikamkaribisha," alisema. "Akaniambia, mama, nina amana, naomba unitunzie nikaswali Ijumaa, nikitoka nitaonana na mwenyekiti anipeleke panapohusika. Akanipa bahasha imefungwa ndani ya kitambaa cheupe, kimetariziwa ua jekundu pembeni. Kitambaa kizuri! Nikajua hiki changu. Mgeni hatoki shamba mikono mitupu."

"Na bahasha?"

"Nimetia kikapuni. Mwenzangu, tangu lini bahasha ikaletwa nyumba hii isiwe tangazo?"

Mzee alikwenda kuswali. Msikitini akakutana na mtu anayemfahamu, akachukuliwa kula, akala, akajinyoosha kidogo kwenye mkeka wa watu, na aliposhtuka adhana ya alasiri ilikuwa inaita.

Wakati huo mimi nilikuwa na kikapu mapajani. Nilikuta bahasha nyeupe imefungwa kwa gundi, haina jina, kwa sababu barua ya kupelekwa mkono kwa mkono haiandikwi anwani. Bahasha iliyofungwa siifungui. Ni kanuni niliyotoka nayo kazini. Nikaiweka kwenye mengineyo. Siku hiyo hapakuwa na mikutano, kwa hiyo ikaangukia baada ya maji.

Meya alisoma tangazo la maji. Akachana bahasha. Watu wa Miono wana mtu wao anayejua kuandika barua, na barua ilikuwa imeandikwa kiofisi kabisa, ina "Yah" yake na mstari chini yake.

"Yah: ombi la kuunganisha koo mbili," alisoma Meya, na spika zikapeleka sauti mpaka ufukweni. "Husika na kichwa cha habari hapo juu."

Aliniambia baadaye kwamba hapo alidhani ni vikundi viwili vya kukopeshana vinataka kuungana. Akaendelea. Barua ikataja ukoo mmoja, kisha ikataja ukoo wetu, na jina la marehemu baba yetu. Niliinuka. Ikamtaja kijana wao, fundi wa injini za boti, mwenye tabia njema na asiyevuta sigara, kwamba amevutiwa na heshima, ukarimu na ukimya wa binti yetu, na hapa likafuata jina la mdogo wangu, lote, la baba na la babu.

Kwenye baraza la mwuza kahawa jirani yetu mtu mmoja alisema, "Ukimya?"

Meya alikuwa ameshaelewa. Nilimwona sikio likibadilika rangi. Lakini tangu achaguliwe hajawahi kukatiza tangazo, na ulimi ulikuwa umezoea njia. Akasoma mpaka sahihi. Kisha, kwa sauti ileile, akasema mwenye maoni au pingamizi ayawasilishe kwa maandishi ofisini ndani ya siku saba, akachukua karatasi iliyofuata. "Mbuzi dume, kahawia, sikio la kushoto limekatwa."

Mlangoni mwa msikiti mzee wa Miono alikuwa amesimama na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akisikiliza.

Ng'ambo ya barabara cherehani ilinyamaza. Mdogo wangu alitoka na futi ya kupimia shingoni. Wanawake wawili waliokuwa wanapita walipiga vigelegele papo hapo. "Hongera, shoga!" alisema mmoja. Mwenzake akauliza, "Na pingamizi tunaleta hapahapa au kuna dirisha?"

Mdogo wangu aliwapita. Alivuka barabara mpaka kwangu.

"Umeipanga wewe, dada?"

"Nimeipanga mimi."

"Imekuwa ya ngapi?"

"Baada ya maji."

"Kabla ya mbuzi?"

"Kabla ya mbuzi."

"Angalau," alisema, akarudi ndani na kufunga mlango.

Kabla ya magharibi tulikuwa tumekusanyika kwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, ambaye ndiye walii wa mdogo wangu. Nyumba yake iko mji mkongwe na ina viti vya mbao vizito ambavyo mgeni akikaa hainuki upesi. Mzee wa Miono alikaa kwenye kimoja, Meya kwenye kingine, amevua koti kwa joto au kwa aibu. Mimi nilikaa karibu na mlango na daftari.

"Nimesikia," alianza baba mdogo. "Mji mzima umesikia. Lakini kusikia si kupokea. Mimi sijapokea barua."

"Siwezi kuandika nyingine, shekhe," alisema mzee. "Wazee wangu wamesema mara moja."

"Sijasema uandike nyingine. Nasema iletwe ileile, kwa mkono, ndani ya kitambaa chake."

Wote wakamtazama Meya. Meya alikohoa kama anayeanza kutangaza.

"Ipo kwenye jalada," alisema. "Ina siku saba. Nimewaahidi wananchi mbele ya Mungu na spika mbili. Nikiitoa leo watasema Meya ana upendeleo, na wiki ijayo nikitangaza kiwanja hakuna atakayeniamini."

Nilitegemea baba mdogo angemfukuza. Nilimwona akifungua mdomo. Halafu akamtazama mgeni, ambaye alikuwa anasubiri kwa adabu kujua kama ukoo wake umetukanwa au la, na akafunga mdomo.

"Hapa mjini kwenu," aliuliza mzee polepole, "ndivyo inavyofanywa? Posa inatangazwa kwanza?"

Kusema kweli kungekuwa kukiri kwamba posa yao imesomwa kwa makosa pamoja na mbuzi, na kitambaa chao kimechukuliwa na mkaanga visheti.

"Ndivyo," alijibu baba mdogo, macho kwenye boriti za dari. "Siku saba."

"Ni utaratibu wa zamani," aliongeza Meya haraka mno.

"Kama kiwanja," alisema mzee.

"Kama kiwanja," tulisema wote watatu.

Mzee akatoa simu, akatoka barazani kuwaarifu wazee wake. Tulimsikia akieleza, kisha akasikiliza, kisha akasema, "Hapana, sijui kama amepatikana." Kumbe mwuza kahawa alikuwa amerekodi tangazo lote na kulirusha kwenye simu za watu, na Miono walikuwa wameshalisikiliza mara mbili mpaka kwa mbuzi.

Akarudi akakaa. "Wamejadiliana," alisema. "Wamesema ni utaratibu mzuri, unaonyesha mji una watu makini. Lakini wamesema pia: likija pingamizi moja lenye maana, mimi nichukue barua yangu nirudi, na habari imekwisha."

Mdogo wangu alikuwa chumba cha ndani, pazia tu ndilo lililomtenga nasi. Nilisikia kitu kikianguka. Alikuwa ameangusha sahani, na si ya kwake.

Jumamosi asubuhi nilifungua jalada jipya na kuchora safu nne kwenye daftari: namba, jina, tarehe, na ya mwisho "maoni au pingamizi". Nilitumaini itabaki tupu. Mchana akaja wa kwanza.

Mwuza kahawa aliandika kwamba hana pingamizi, ila viti vya shughuli vikodiwe kwake. Mama mmoja aliandika kwa herufi kubwa PINGAMIZI, akaeleza kuwa gauni lake la Idi bado liko kwa bibi harusi mtarajiwa na Idi imepita, kwa hiyo asiolewe mpaka alipate. Mvuvi mmoja aliandika kuwa shafti ya boti yake, aliyoipeleka kwa fundi kunyooshwa, haijarudi, na anahofia mtu mwenye mke mpya. Mzee mmoja aliuliza: bibi harusi akihamia Mbegani, sare za shule atashona nani? Mwingine alileta maoni marefu kuhusu taa za barabarani. Nilimwambia hayahusiani, akasema alikuwa anangojea nafasi.

Meya alikuwa anakuja kila jioni kukagua.

"Hii ni maoni au pingamizi?"

"Ni gauni."

"Iandike maoni."

"Ameandika pingamizi kwa herufi kubwa, Meya. Mzee wa Miono anasoma jalada kila siku akitoka kuswali. Nikificha ataona."

Ilikuwa kweli. Yule mzee alikuwa amefikia kwa baba mdogo, na kila siku baada ya adhuhuri alikuja ofisini, akavaa miwani, akasoma kila karatasi kwa kidole. Kwenye lile la gauni alikaa sana. "Hili lina maana," alisema. "Mtu asiyetimiza ahadi."

Nilivuka barabara nikamwambia mdogo wangu. Alifunga mlango kwa wateja wapya, akashusha nguo zote za watu zilizokuwa zimelala kwenye rafu, na kuanza kushona. Kwa siku tatu cherehani haikupumzika isipokuwa kwa swala na chakula. Lilitoka gauni la Idi. Ikatoka suruali iliyoletwa na mtu mwembamba ambaye sasa alikuwa mnene. Yakatoka mapazia ambayo mwenyewe alishayasahau. Wale waliopokea nguo zao walisimama barabarani wakizigeuzageuza kana kwamba zimetoka Maka. Mama wa herufi kubwa alirudi ofisini na kuandika chini ya karatasi yake: limefutwa, shingo imekaa vizuri.

Shafti ya mvuvi nayo ilirudi, imenyooka, Jumatatu. Kwa hiyo nikajua kwamba habari zinafika Mbegani.

Jumanne ikaja karatasi ya mtalaka wa mdogo wangu. Ilikuwa na maneno matano. "Sina pingamizi. Mpeni pole fundi." Nilifikiri niifiche. Mzee wa Miono aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Huyu ndiye aliyekuwa mumewe?"

"Ndiye, mzee."

"Hana uchungu," alisema. "Vizuri." Akaendelea na inayofuata.

Jumatano, saa ya watu kula, akaja fundi mwenyewe. Sikuwahi kuongea naye zaidi ya salamu. Alikuwa amenawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka imepauka, lakini mafuta yalibaki kwenye kucha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Mzee wenu ametoka sasa hivi."

"Sikuja kwa mzee. Hapa ndipo panapopokelewa?"

"Panapopokelewa nini?"

Akatoa bahasha mfukoni. Imefungwa kwa gundi, na juu yake utepe wa plastiki, ule mweusi wa kufungia nyaya.

"Baba," nilimwambia, "wewe ndiye mwenye posa. Huwezi kuwa na maoni juu ya posa yako mwenyewe."

"Tangazo lilisema mwenye maoni. Halikusema isipokuwa mimi."

Nilifikiri. Alikuwa na haki. Nikachukua kalamu, nikamwandika namba kumi na moja, jina, tarehe. Nikafika safu ya mwisho.

"Niandike maoni au pingamizi?"

Ni swali la kawaida, nilikuwa nimeshawauliza kumi. Yeye alitazama ng'ambo ya barabara. Mlango wa mdogo wangu ulikuwa wazi, na yeye ameinama kwenye cherehani, mgongo kwetu.

"Pakiachwa wazi kuna tatizo?"

"Kuna safu."

"Tafadhali, dada. Paache wazi."

Akaaga, akaondoka. Mdogo wangu hakugeuka, ila cherehani ilishona mahali pamoja kwa muda ambao si wa kawaida.

Nikiri kwamba jioni ile niliishika ile bahasha juu ya taa. Utepe mweusi haupitishi mwanga. Meya naye aliishika, akaipima kwa kiganja kama anayenunua pweza, akasema, "Ni karatasi moja. Mtu anayejitoa haandiki zaidi ya karatasi moja." Kisha akasema, "Na mtu anayependa vilevile." Hakunisaidia. Mzee wa Miono, alipofika kesho yake kwenye namba kumi na moja na kuona jina la kijana wao, aliirudisha ndani ya jalada bila kuugusa utepe. "Hii si yangu kufungua," alisema, na siku hiyo hakumaliza kahawa yake.

Ijumaa ilipofika Meya alitangaza matangazo yake yote na hili hakuligusa. Baadaye, kwa baba mdogo, alisimama, akasema muda umekwisha, na kwamba hakuna pingamizi lililosimama, isipokuwa karatasi moja ambayo haijulikani ni nini. Mkewe alikuwa amefua kitambaa, amekipiga pasi, na kinanukia iliki. Barua ikafungwa ndani yake. Mzee wa Miono akainuka, akaitoa kwa mikono miwili. Baba mdogo akaipokea kwa mikono miwili. Akafungua kitambaa taratibu, akatoa barua, akaisoma kutoka "Yah" mpaka sahihi, mbele ya watu waliokuwa wanaijua kwa moyo.

"Kumbe!" alisema alipomaliza. "Tumefurahi. Nitamuuliza mwenyewe."

Kwetu msichana ambaye hajaolewa akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ni kukubali. Aliyekwisha kuolewa hana nafuu hiyo. Lazima aseme kwa mdomo wake, walii asikie. Hapo nilipumua, kwa kuwa katika maisha yangu sijamwona mdogo wangu akipungukiwa maneno. Baba mdogo alikwenda hadi kwenye pazia, akamuuliza vizuri, kwa sauti ya baba.

"Jalada liko wapi?" aliuliza mdogo wangu.

Nikampelekea. Alikaa sakafuni akasoma yote kwa mpangilio niliouweka. Kwenye ya mtalaka wake alisema, "Ameandika vizuri kuliko alivyowahi kuzungumza." Kwenye ya taa za barabarani alisema mwenye hii ana hoja. Akafika namba kumi na moja. Akakata utepe kwa mkasi, akatoa karatasi, moja kweli. Akaisoma. Akairudia. Sikuona uso wake ukibadilika kwa upande wowote, na nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuhesabu kope. Akaikunja mara nne, akaiingiza kifuani, akainuka na kwenda nyumbani kwa mlango wa uani.

Nilirudi ukumbini. Wanaume watatu walinitazama.

"Amesemaje?" aliuliza baba mdogo.

"Amesema mtu wa taa za barabarani ana hoja."

Meya akaandika.

Siku nne zimepita. Anashona, anapika, anatoa salamu, anacheka na wateja. Baba mdogo amemuuliza mara mbili, naye amemjibu, "Nitasema, baba." Fundi haonekani upande huu, na simu yake inaita bila kupokelewa. Jana nilimuuliza mdogo wangu moja kwa moja, tukiwa tunachambua mchele.

"Amejitoa?"

"Nani?"

"Unamjua nani."

"Dada, wewe si husema bahasha ya mtu haifunguliwi?"

"Nakuuliza kama dada, si kama katibu."

Alichagua kijiwe, akakitupa, akachagua kingine. "Mchele huu una mawe," alisema.

Leo asubuhi mzee wa Miono, ambaye amesema haondoki bila jibu, amepiga simu kwao aletewe kanzu nyingine.